Barbara Jane Harrison, Mhudumu wa Ndege

Watu wengi wakipanda ndege humwona mhudumu wa ndege kuwa ni mtu wa kuleta chai na chakula. Humwona amevaa vizuri, akipita katikati ya viti huku akitabasamu, nao hufikiri kwamba kazi yake haina tofauti na ile ya mtumishi wa hoteli. Hapo anaposimama mbele kuonyesha namna ya kufunga mkanda na mahali milango ilipo, wengi hugeuza nyuso zao dirishani au huendelea na mazungumzo. Lakini chai ni sehemu ndogo tu ya kazi ile. Mhudumu huwekwa ndani ya ndege kwanza ili watu watoke wakiwa hai siku ya hatari. Hayo tutayaona katika maisha ya binti mmoja wa Uingereza, Barbara Jane Harrison, aliyefariki mwaka 1968 akiwa na miaka 22 tu.

Alizaliwa tarehe 24 Mei 1945 katika mji wa Bradford, jimbo la Yorkshire, wiki chache baada ya vita kuu ya pili kwisha katika Ulaya. Jamaa na rafiki zake walimwita Jane. Wazazi wake walihamia Scarborough, mji ulio pwani ya jimbo hilo hilo, na huko ndiko alikoanza shule. Mama yake alifariki Jane akiwa bado msichana mdogo, akalelewa na baba yake pamoja na dada yake. Baadaye alisoma katika shule ya wasichana huko Scarborough, kisha katika shule ya Doncaster.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika benki. Ilikuwa kazi nzuri, yenye mshahara wa hakika, na wengine wangekaa pale mpaka uzeeni. Lakini Jane alitamani kuiona dunia. Mwaka 1964 aliiacha benki akaenda Uswisi kuwa yaya wa watoto katika nyumba ya watu. Kutoka huko alivuka bahari akafanya kazi ya namna hiyo hiyo San Francisco, Marekani. Basi haikuwa ajabu kwamba, alipotafuta kazi nyingine, aliomba kuingia katika shirika la ndege. Mwezi Mei 1966 alipokelewa na shirika la BOAC, ambalo siku hizo lilikuwa shirika la serikali ya Uingereza la kusafirisha abiria nchi za mbali.

Yafaa tueleze hapa kazi hiyo ilivyoanza. Mwanamke wa kwanza kuifanya alikuwa Ellen Church wa Marekani, aliyeruka na abiria kwa mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1930. Yeye alikuwa muuguzi, na wenzake waliochukuliwa pamoja naye walikuwa wauguzi pia. Ndege za siku zile zilikuwa ndogo, zenye kelele na zenye kurushwa na upepo, na abiria walikuwa na hofu na kichefuchefu. Kwa hiyo tangu mwanzo mhudumu hakuwekwa ndani ya ndege kwa ajili ya chakula peke yake. Aliwekwa awe mtu wa kuwatunza wengine wakati wao hawawezi kujitunza.

Ndege zilipokua, kazi nayo ilikua. Mhudumu wa ndege hufundishwa mambo mengi kabla hajapewa abiria hata mmoja. Hufundishwa kufungua kila mlango wa ndege anayofanyia kazi, hata gizani, hata katika moshi. Hufundishwa kuzima moto mdogo, kumtibu aliyezimia, na kutumia hewa ya oksijeni. Tena hafundishwi mara moja akaachwa. Hurudi darasani kila baada ya muda, akajaribiwa upya katika mambo yale yale, kwa sababu kitu kisichorudiwa husahauliwa, na hatari haingoji mtu atafute daftari lake.

Kila amri ambayo abiria huiona kuwa ni usumbufu ina sababu yake. Viti hunyoshwa wima na meza hufungwa wakati wa kuruka na wa kutua, ili njia ya mtu aliye dirishani isizibwe. Mizigo huwekwa chini ya kiti au juu kabatini, maana mfuko mmoja uliolala njiani waweza kumwangusha mtu wa kwanza, na wa pili akamwangukia yeye. Mapazia ya madirisha hufunguliwa, ili mhudumu aweze kuona nje kama kuna moto upande huo. Usiku taa hupunguzwa, ili macho yazoee giza kabla giza halijaja lenyewe. Na mhudumu mwenyewe, akiisha kukaa na kujifunga mkanda, hutumia nusu dakika kujiuliza moyoni: Mlango wangu ni upi? Unafunguliwaje? Nikiona moto nje, nitawapeleka wapi watu wangu? Hufanya hivyo kila safari, ingawa safari elfu hupita pasitokee neno.

Kazi hii ndiyo aliyoishika Jane Harrison kwa muda wa miaka miwili kasoro, katika ndege za Boeing 707. Hizo zilikuwa ndege kubwa za injini nne, injini mbili chini ya kila bawa.

Siku ya Jumatatu, tarehe 8 Aprili 1968, ndege yake ilikuwa ikiondoka katika uwanja wa Heathrow, London. Safari ilikuwa ya kwenda Sydney, Australia, kwa njia ya Zurich na Singapore. Ndani mlikuwa na watu 127, yaani abiria 116 na wafanyakazi 11. Jane alikuwa nyuma, pamoja na mhudumu mwenzake wa kiume, Neville Davis-Gordon. Ndege iliruka alasiri, kama dakika ishirini na saba baada ya saa kumi.

Mara tu baada ya kuacha ardhi, watu walisikia kishindo. Ndani ya injini ya pili, ile ya upande wa kushoto iliyo karibu na kiwiliwili cha ndege, gurudumu moja la chuma lilikuwa limepasuka. Halikupasuka kwa kugongwa na kitu chochote. Lilikuwa limechoka, maana chuma kinachozungushwa kwa nguvu siku nyingi huweza kuwa na ufa mdogo usioonekana, na ufa huo hukua kidogo kidogo mpaka siku yake. Vipande viliitoboa injini, mafuta yakamwagika, moto ukashika. Muda si muda injini nzima iling'oka kutoka katika bawa ikaanguka chini, nje ya mji, katika shimo la kuchimbia kokoto lililokuwa limejaa maji. Kwa bahati haikumwua mtu.

Rubani, Kapteni Charles Taylor, alikuwa ameomba msaada, akaigeuza ndege kuurudia uwanja. Fikirini hali ilivyokuwa. Bawa la kushoto lilikuwa likiwaka, na abiria waliweza kuuona moto kwa macho yao madirishani. Wakati huo wahudumu walikuwa na kazi mbili za kufanya kwa pamoja: kuwatuliza watu, na kuwatayarisha kutoka. Tangu ndege ilipoiacha ardhi mpaka ilipoikanyaga tena zilipita dakika 3 na sekunde 32 tu. Dakika hizo zinatosha mtu kunywa chai nusu kikombe. Hazitoshi kufungua kitabu na kuanza kujifunza namna mlango unavyofunguliwa.

Ndege ilitua salama, ikasimama. Lakini mafuta yaliendelea kumwagika juu ya moto, na mara upande wa kushoto ukalipuka. Milango ya upande huo haikufaa tena. Abiria wengi walitoka kwa njia za mbele na kwa madirisha ya kutokea yaliyo juu ya bawa la kulia. Nyuma kulibaki mlango mmoja, ule wa jikoni, nao ulikuwa wa Jane na Davis-Gordon.

Wakaufungua. Mlango wa ndege kubwa uko juu sana kutoka chini, kwa hiyo huwekwa mtelezo, kitu mfano wa mfuko mrefu unaojazwa hewa, ambao watu huketi juu yake wakateleza hadi chini. Wawili hao waliujaza hewa mtelezo wao kama walivyofundishwa. Kwa bahati mbaya ulijipinda, na katika hali hiyo haukuweza kutumika. Davis-Gordon akashuka chini ili aunyoshe. Alifaulu, lakini akiisha kuwa chini hakuweza kupanda tena. Tangu hapo Jane alikuwa peke yake mlangoni.

Alifanya kazi yake. Aliwaita abiria, akawaelekeza, akawatoa mmoja baada ya mwingine. Waliositasita aliwatia moyo waruke, na walioshindwa kuruka kwa hofu aliwasukuma. Huko kusukuma si ukatili. Ni jambo ambalo wahudumu hufundishwa, kwa kuwa mtu mmoja aliyeganda mlangoni huwaua walio nyuma yake. Kisha milipuko ikaendelea, moto ukaufikia mtelezo na mahali pale, mlango ule ukawa haupitiki. Jane hakukimbia. Aliwaelekeza abiria waliobaki waende kwenye njia nyingine, naye mwenyewe akabaki mahali pake. Kulikuwa bado na abiria katika viti vya mwisho kabisa, na mmoja wao alikuwa mzee mlemavu asiyeweza kujiokoa peke yake. Jane alirudi kumsaidia.

Moto ulipozimwa, maiti ya Jane ilikutwa karibu na maiti ya mzee yule, huko nyuma ya ndege.

Waliokufa siku ile walikuwa watu watano, abiria wanne na Jane Harrison. Watu 122 walitoka hai, ingawa 38 miongoni mwao waliumia. Mtu akiitazama picha ya ndege ile ilivyoteketea, kiunzi kitupu bila paa, atashangaa kwamba hesabu ya waliokufa haikuwa kubwa kuliko hiyo. Jane alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 23. Alizikwa katika mji wa York.

Baada ya hapo wachunguzi wa serikali waliipeleleza ajali ile kipande kwa kipande. Waligundua jambo ambalo sote tunapaswa kulitia akilini. Katika chumba cha rubani kuna mpini kwa kila injini. Ukivutwa, hufunga mafuta yasiende katika injini hiyo. Siku ile mpini wa injini ya pili haukuvutwa, na kwa hiyo mafuta yaliendelea kutoka na kuulisha moto. Je, wale mafundi na marubani walikuwa wajinga au waoga? La, hasha. Walikuwa watu hodari, wenye ujuzi mwingi, na kuiteremsha ndege ile salama kulikuwa kazi ya sifa kubwa. Lakini kulikuwa na orodha mbili za kazi, moja ya injini iliyoharibika na nyingine ya injini inayowaka. Walianza na ile ya kwanza, kisha moto ulipoonekana wakahamia ile ya pili, na katika kuhama huko tendo moja likapotea katikati.

Shirika la BOAC halikuishia katika kulaumu. Liliziunganisha orodha zile mbili zikawa moja, na likaongeza sharti kwamba lazima ihakikishwe, kwa orodha yenyewe, kwamba mpini wa moto umevutwa. Hivyo kosa la siku moja likawa kinga ya siku nyingine. Amri nyingi za usalama katika ndege zimepatikana kwa njia hiyo. Hazikutungwa na watu wenye kupenda amri. Kila moja ina watu nyuma yake waliolipa bei.

Mwezi Agosti 1969 ilitangazwa kwamba Malkia wa Uingereza amempa Barbara Jane Harrison Nishani ya Msalaba wa George. Nishani hiyo iliwekwa na Mfalme George wa Sita mwaka 1940, nayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa ushujaa usiokuwa wa kupigana na adui uso kwa uso. Wanawake watatu waliotangulia kuitunukiwa moja kwa moja, Odette Sansom, Violette Szabo na Noor Inayat Khan, walikuwa watu wa kazi za siri wakati wa vita. Jane aliipata wakati wa amani, akiwa kazini kwake, na katika wanawake wote walioipata hakuna aliyekuwa na umri mdogo kuliko yeye. Davis-Gordon naye alipewa Medali ya Dola ya Uingereza kwa ushujaa wake. Shirika la BOAC lilikoma mwaka 1974 lilipounganishwa na jingine kuwa British Airways, nalo shirika hilo jipya ndilo lililokuja kuinunua na kuitunza nishani ya Jane.

Huenda msomaji akauliza, je, mambo haya yana faida gani leo, nasi tunaishi zama za ndege nyingine? Jibu lilionekana Japani tarehe 2 Januari 2024. Ndege kubwa ya shirika la Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani wakati wa kutua katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ikashika moto. Ndani mlikuwa na watu 379. Ilikuwa na milango minane ya kutokea, lakini wahudumu walitazama nje kwanza, wakaona kwamba ni mitatu tu iliyo salama, wakawapitisha watu wote kwa hiyo mitatu. Abiria wakaiacha mizigo yao. Ndege iliteketea yote, na watu wote 379 walitoka hai. Jambo la kusikitisha ni kwamba watu watano katika ile ndege ndogo walikufa. Wahudumu wale wa Tokyo hawakufanya jipya hata moja. Walifanya yale waliyokuwa wameyafanya mara nyingi darasani, bila moto.

Sisi wenyeji wa pande hizi tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Ni kweli kwa nusu. Jane Harrison hakuweza kuizuia injini isipasuke, wala hakujua asubuhi ile kwamba itapasuka. Lakini kati ya ajali na kifo kuna nafasi, nayo hujazwa na mambo madogo: mlango uliojulikana, njia isiyozibwa, orodha iliyofuatwa mpaka mwisho, mtu asiyeondoka mahali pake. Kwa mambo hayo madogo watu 122 waliishi.

Husemwa kwamba ushujaa ni kipawa cha wachache. Maisha ya binti huyu yanatuonyesha vingine. Hakuwa askari. Alikuwa karani wa benki, kisha yaya, kisha mhudumu wa abiria. Wakati moto ulipomjia hakuwa na nafasi ya kufikiri juu ya ushujaa. Alikuwa na mlango wake na watu wake, na kwa kuwa kazi yake aliijua vema, aliifanya. Ila pale mwisho, alipomrudia mzee yule, hapo palizidi mafundisho. Hapo ulikuwa ni moyo wake mwenyewe.

Basi sisi tulio shuleni tusiidharau kengele ya mazoezi ya moto inapopigwa. Mara nyingi wanafunzi huiona kama mchezo, wakatoka bwenini wakijikokota na kucheka, au wakarudi ndani kuchukua viatu. Viranja nao huhesabu majina kwa haraka ili wakalale. Kiranja anayehakikisha kwamba mlango wa bweni haukuzibwa kwa masanduku, na kwamba kila aliyelala ndani ametoka, anafanya kazi ile ile ya Jane Harrison. Huenda hatapewa nishani, na huenda siku ya hatari isifike kamwe. Nasi tuombe isifike. Lakini ikifika, haitamwuliza mtu kama yu tayari kuanza kujifunza.